Smuthi ya Kefiri kwa Wanywaji Wachaguzi

Nyumbani kwetu kuna watu watatu wasioipenda kefiri, yale maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria na hamira, na kila mmoja ana sababu yake. Binti yangu analalamikia uchachu. Mume wangu anaweza kuuvumilia uchachu, lakini harufu ya hamira inapomfika puani huirudisha bilauri mezani bila kusema neno. Mama mkwe, ambaye maziwa ya kuganda ameyanywa maisha yake yote, hana ugomvi na uchachu wala harufu. Kinachomkera ni ule mchonyoto wa gesi kwenye ulimi, ambao kwake ni dalili ya maziwa yaliyoharibika. Natanguliza habari hii kwa sababu maelekezo mengi ya smuthi ya kefiri huwatia wachaguzi wote katika kapu moja na kuwapa dawa moja, yaani asali nyingi, ilhali asali haiondoi harufu wala gesi. Kabla ya kutafuta tunda lolote, muulize anayekataa ni kitu gani hasa kinachomkera, na kama ni mtoto asiyeweza kueleza, mwangalie: anayekunja uso baada ya kumeza amekutana na uchachu, na anayegeuza kichwa kabla kikombe hakijafika mdomoni ameshaipata harufu.

Kila moja kati ya kero hizo ina chanzo chake katika uchachushaji wenyewe. Kefiri hutengenezwa kwa kutia ndani ya maziwa punje nyeupe zinazofanana na vishada vidogo vya koliflawa, ambazo asili yake ni milima ya Kaukazi, ambako wafugaji walichachusha maziwa ndani ya viriba vya ngozi. Punje hizo si mbegu, bali ni makazi ya bakteria na hamira wanaoishi pamoja katika utando wa sukari tata uitwao kefirani. Bakteria hula laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. Huo ndio uchachu. Hamira nazo hutoa gesi ya kaboni, alkoholi kidogo ambayo kwa kawaida haifiki asilimia 1, na ile harufu anayoijua kila mwoka mikate. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex Alimentarius, zinataka kefiri iwe na protini isiyopungua asilimia 2.7, asidi isiyopungua asilimia 0.6, vijidudu vya uchachushaji visivyopungua milioni 10 katika kila gramu, na hamira zisizopungua 10,000 katika gramu hiyo hiyo. Mtindi hauna sharti hilo la hamira, na ndiyo maana mtu anayekunywa mtindi kila siku anaweza kuikataa kefiri bila kujipinga.

Kwa hiyo kazi ya kumridhisha mchaguzi huanza saa nyingi kabla ya blenda kuwashwa. Anayechachusha mwenyewe ana nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa kefiri iliyovunwa mapema ni tofauti kabisa na ile iliyosahauliwa kabatini. Katika joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, maziwa hukamilika kwa takribani saa 24. Mimi huyachuja mapema, mara tu yanapoanza kuwa mazito na kabla maji yake hayajaanza kujitenga chini, kwa sababu baada ya hapo asidi huongezeka haraka. Punje zikiwa nyingi kuliko maziwa, mambo hukimbia. Kijiko kimoja cha chakula cha punje kinatosha nusu lita, na punje zinapoongezeka, kwa maana huongezeka kweli, ni afadhali kuzigawa kuliko kuziacha zote katika mtungi mmoja. Joto likizidi, hamira hushangilia, na harufu yake huwa kali zaidi. Mahali penye ubaridi kidogo ndani ya nyumba hutoa kefiri tulivu. Ikishachujwa, iingie katika friji mara moja, ingawa hata humo huendelea kuchachuka polepole, hivyo ya jana ni bora kwa mchaguzi kuliko ya juma lililopita. Gesi ndiyo rahisi kuliko zote: mimina kefiri katika bakuli pana, ikoroge taratibu kwa dakika chache huku ikiwa wazi, na sehemu kubwa ya mchonyoto itaondoka. Mama mkwe sasa hunywa ya kwake hivyo, bila tunda lolote, na ananiambia kwamba hatimaye nimejifunza kutengeneza maziwa.

Anayenunua iliyokwisha kutengenezwa asome maandishi ya chupa kwa subira. Achague ile isiyotiwa sukari wala ladha, yenye tarehe ya karibuni zaidi ya kutengenezwa, na aangalie kama imepashwa moto baada ya kuchachushwa, kwani kefiri ya namna hiyo hubaki na protini na kalsiamu yake lakini vijidudu vyake vimekufa. Zile zenye picha ya matunda mbele mara nyingi zina sukari iliyoongezwa, na kumfundisha mtoto kwamba hiyo ndiyo ladha ya kefiri ni kujitafutia kazi ya baadaye.

Nikija kwenye uchachu wenyewe, ulimi una desturi moja inayotusaidia: utamu hupunguza makali ya uchachu hata kama kiasi cha asidi hakijabadilika. Swali ni utamu huo utoke wapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru, yaani ile isiyofungwa ndani ya tunda zima wala maziwa, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na lingependa ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takribani gramu 25. Asali na sharubati zote zimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo mwenye kusema kwamba yeye hutumia asali tu, si sukari, hajaepa kitu. Tena asali haipewi kabisa mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha sumu ya botulizimu. Kwangu utamu wote hutoka katika tunda zima lililoiva sawasawa, na pale linaposhindwa naongeza tende moja iliyolowekwa. Hata hivyo, blenda huvunja kuta za chembe za tunda na kuifungua sukari yake, ndiyo maana mamlaka za afya za Uingereza huihesabu sukari ya smuthi pamoja na ya juisi, na kushauri mtu asizidishe mililita 150 za vinywaji hivyo kwa siku. Bilauri ndogo inatosha, na kwa mchaguzi bilauri ndogo ina faida nyingine: inamalizika.

Ndizi iliyoanza kupata madoa meusi ndiyo mlango wa kwanza, kwa sababu wanga wake umeshageuka sukari, haina asidi ya kushindana na ya kefiri, na uzito wake huifunika ile hali ya majimaji ambayo wengine hawaipendi. Ina kasoro moja inayostahili kutajwa. Ndizi ina kimeng'enya kingi kinachoifanya iwe nyeusi inapokatwa, na kimeng'enya hicho huziharibu flavanoli, zile kemikali zenye manufaa zilizomo katika kakao na katika matunda ya jamii ya beri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliokunywa smuthi ya ndizi walikuwa na flavanoli mwilini pungufu kwa asilimia 84 wakilinganishwa na waliomeza kidonge cha flavanoli. Jambo hilo halinizuii kutumia ndizi. Kazi ya ndizi hapa ni kumfanya mtu anywe kefiri, na protini na kalsiamu hazidhuriki. Ila nikitaka kakao au beri zifanye kazi yake, naweka embe badala ya ndizi.

Embe, kwa maoni yangu, ndilo tunda bora kuliko yote kwa mtu anayekimbia harufu. Utamu hauwezi kushindana na harufu ya hamira. Kinachoweza ni harufu nyingine yenye nguvu zaidi, na embe lililoiva linayo ya kutosha. Pasheni nayo ni hodari, vilevile maganda ya chungwa yaliyokwanguliwa juu juu bila ule weupe mchungu. Unaweza hata kutumbukiza kipande cha ganda hilo katika kefiri iliyokwisha kuchujwa na kuiacha kwa saa chache; huichuja tena ikiwa na harufu nyingine kabisa. Vanila, mdalasini na iliki zina hila ya ziada: hazina utamu wowote, lakini kwa kuwa tumezoea kuzikuta katika vitu vitamu, pua huuambia ulimi kwamba kinywaji ni kitamu kuliko kilivyo. Mume wangu alikubali kwanza kwa iliki na embe, na hadi leo hakubali kwa njia nyingine.

Ushauri unaowashangaza watu ni huu: kwa anayelalamikia uchachu, wakati mwingine tunda chachu hufaulu kuliko tunda tamu. Stroberi na pasheni zinatarajiwa kuwa na ugwadu, na mnywaji anapoukuta hulihesabia tunda, si maziwa. Binti yangu, anayeapa kwamba hawezi kunywa kitu kichachu, humaliza smuthi ya kefiri na stroberi ambayo kwa kipimo cha asidi ni chachu kuliko ile ya ndizi anayoiacha nusu. Mafuta nayo hutuliza makali, kwa maana huutandika ulimi. Kipande cha parachichi au kijiko cha siagi ya karanga kitafanya kazi hiyo, mradi hakuna mwenye mzio wa karanga mezani. Chumvi kidogo mno, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili, hupunguza uchungu na kuuinua utamu uliokwisha kuwemo.

Uchungu unanileta kwenye nanasi, ambalo limewavunja moyo watengenezaji wengi wasiojua kosa liko wapi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho hukatakata protini, na vipande vinavyotokana na protini ya maziwa vina ladha chungu. Smuthi inayonoga inapotoka katika blenda inaweza kuwa chungu na nyepesi baada ya kukaa, hata katika friji. Papai lina papaini, kiwi ina aktinidini, na tini mbichi zina kimeng'enya cha aina hiyo hiyo. Watu wengi hudhani kugandisha tunda kutatatua jambo hili, lakini baridi hukilaza tu kimeng'enya bila kukiua, nacho huamka tunda linapoyeyuka. Joto ndilo linalokiharibu: vipande vya nanasi vichemshwe kwa dakika chache vikiwa na maji kidogo, vipozwe kabisa, kisha viingie katika blenda. Nanasi la kopo limeshapikwa, hivyo halina tatizo hilo, ila litafutwe lile lililohifadhiwa katika juisi yake na si katika shira. Asiyetaka kupika basi anywe papo hapo, na asiandae ya kesho.

Baridi nayo ni ya kutumiwa kwa akili. Kinywaji baridi sana hutoa harufu kidogo, jambo zuri kwa mume wangu, lakini baridi hiyo hiyo huufifisha utamu, kwa hiyo smuthi iliyoganda huhitaji tunda tamu zaidi ili ionekane sawa na ile ya ubaridi wa kawaida. Barafu situmii kabisa. Ikiyeyuka, huacha kinywaji chenye maji juu na tope chini, na mchaguzi hahitaji sababu nyingine. Nagandisha matunda yenyewe, yakiwa yamekatwa vipande vidogo na kutandazwa ili yasigandamane, na hayo hufanya kazi ya barafu bila kuongeza maji.

Utaratibu wa kusaga una maana kuliko wengi wanavyofikiri. Kefiri ni maziwa ambayo protini yake imeungana kuwa utando laini, na visu vya blenda vikiukata kwa muda mrefu, utando huo huvunjika na kinywaji hugeuka chepesi chenye povu. Kwa sababu hiyo natanguliza matunda, viungo na kefiri kidogo tu ya kuvisaidia kuzunguka, nasaga mpaka pasibaki kipande, kisha namimina kefiri iliyobaki na kubonyeza kwa sekunde chache za kuchanganya tu. Kwa watu wawili, vipimo vyangu ni mililita 300 za kefiri, kikombe kimoja cha embe lililogandishwa, nusu ya ndizi, kijiko cha chai cha siagi ya karanga, iliki kidogo na chumvi ya ncha ya vidole. Kefiri ya maziwa yasiyotolewa mafuta, kwa kipimo hicho, humpa kila mmoja takribani gramu 5 za protini na miligramu 180 za kalsiamu. Mwenye kutaka ishibishe zaidi aongeze vijiko viwili vya oti zilizolowekwa usiku kucha. Zisipolowekwa huacha chembechembe, na kwa mtu anayechagua, chembe moja kwenye ulimi inatosha kuharibu bilauri nzima. Mbegu za stroberi na pasheni nazipitisha katika chujio kwanza. Mboga za majani sina mengi ya kuzisemea: spinachi changa hukubalika ikiwa kidogo na pamoja na embe, lakini rangi ya kijani humfukuza mtoto kabla hajaonja, nami sioni haja ya kupigana vita viwili kwa wakati mmoja.

Kuna wanaoshauri kumficha mtoto kefiri ndani ya kikombe chenye mfuniko na kumwambia ni maziwa ya matunda. Silikubali jambo hilo. Siku atakapogundua, atakikataa kikombe, maziwa na matunda vyote pamoja, na neno lako halitaaminika mezani. Hofu ya vyakula vipya huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6, na kinachoituliza ni kukutana na chakula hicho tena na tena bila kulazimishwa. Tafiti za ulaji wa watoto huzungumzia mara 8 hadi 15, na wazazi wengi hukata tamaa mapema zaidi ya hapo. Mimi huanza kwa vijiko viwili vya kefiri ndani ya bilauri ya embe na maziwa ya kawaida, nikimweleza mtoto kilichomo, kisha kila baada ya siku kadhaa naongeza kijiko na kupunguza maziwa. Mwendo huu wa polepole unalifaa tumbo pia, kwa kuwa asiyezoea vyakula vilivyochachushwa anaweza kujaa gesi akianza na bilauri nzima. Mtoto apewe haki ya kuchagua tunda na kubonyeza kitufe cha blenda. Akikataa, bilauri iondolewe bila hotuba.

Wenye kusumbuliwa na laktosi mara nyingi huivumilia kefiri kuliko maziwa ya kawaida, kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa, na bakteria wenyewe hubeba kimeng'enya cha kuivunja. Utafiti wa Steven Hertzler na Shannon Clancy uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu wazima 15 wa namna hiyo, ukaona kwamba kefiri iliwaletea gesi kidogo kuliko maziwa. Mzio wa protini ya maziwa, hata hivyo, ni jambo jingine, na mwenye mzio huo asiiguse kefiri ya maziwa ya mnyama. Mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika amuulize daktari wake kwanza kuhusu kinywaji chenye vijidudu hai. Na yule ambaye imani yake inamkataza kileo ajue kwamba alkoholi kidogo imo, ili aamue mwenyewe kwa elimu. Uchachushaji mfupi na wa mahali penye ubaridi huipunguza.

Smuthi iliyobaki isifungwe kabisa katika chupa ya kioo na kuachwa mezani. Hamira zilizomo zimeongezewa sukari ya matunda, zitaendelea kutoa gesi, na chupa iliyobanwa inaweza kupasuka. Iwekwe katika friji ikiwa na mfuniko uliolegezwa na inywewe siku hiyo hiyo, ikikorogwa kwa kijiko ikiwa maji yamejitenga. Kinachobaki baada ya hapo nakimimina katika vibati vya kugandishia, nikichomeka vijiti pindi kinapoanza kushikana ili visimame wima. Baadhi ya bakteria hustahimili baridi ya friza, harufu hupotea karibu yote, na gesi haipo tena. Kwa vijiti hivyo nahifadhi embe tamu kuliko yote niliyonayo, maana kwenye barafu utamu hufifia.